Shavu la Kushoto la Yosefu

Katika miaka yote ya ndoa yao, Alphonse hakuwahi kutoka nyumbani bila kunywa chai ya mkewe. Alikuwa radhi achelewe treni ya kwenda Jordbro, nje ya Stockholm, kwenye ghala alikoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, lakini kikombe chake angekimaliza, amesimama mlangoni, koti limevaliwa mkono mmoja. Kwa hiyo Jumamosi ile aliposogeza kikombe kando na kusema, "Nitakunywa nikirudi, Mama Nicole," Mueni alikitazama kikombe kana kwamba ndicho kilichokosea.

Ilikuwa Kwaresima, na Alphonse alikuwa Mkatoliki wa Bukavu, mtu wa kufunga na kuungama. Mueni, binti wa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti la Africa Inland kule Kangundo, alikuwa amezoea mambo hayo kama mtu anavyozoea mume anayekoroma. Akamwaga chai kwenye sinki, akaosha kikombe.

Pasaka ikaja. Wakala kuku na chapati, Alphonse akanywa chai mpaka birika likabaki majani. Jumamosi iliyofuata akavaa shati safi, lile la buluu, akasogeza kikombe kando.

"Nitakunywa nikirudi."

"Yesu ameshafufuka, Baba Nicole. Unafunga nini tena?"

Alphonse akacheka, akamgusa bega, akaenda. Kupitia dirisha la jikoni Mueni alimwona akikata uwanja kati ya majengo ya Rissne, mtaa wao, kuelekea stesheni, anatembea kama mtu anayengojewa mahali.

Hapo ndipo shaka ilipoingia, na ilipoingia ikakaa kitako.

Alphonse hakuwa mtu wa siri, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa mtu wa sauti. Alicheka mpaka majirani wakagonga ukuta, na ukuta ukigongwa alicheka zaidi. Walikutana Nairobi, alikokimbilia vita, akipiga randa kwa seremala mmoja wa Umoja. Mueni alikwenda pale kuagiza kabati, akamsikia kijana mrefu akisema Kiswahili ambacho hajawahi kukisikia, cha "minakuya" badala ya ninakuja na "njo vile" badala ya ndivyo hivyo, akacheka hadi akasahau vipimo vya kabati. Alphonse akamwambia, "Rudi kesho uchekee tena." Akarudi.

Siku walipokubaliana kuoana, Mueni aliweka sharti moja. Kila mtu atakwenda kanisani kwake, lakini sanamu haitaingia nyumbani. Baba yake alimlea na amri ile ya usijifanyie sanamu ya kuchonga, na hakuwa tayari kulala chumba kimoja na kitu chenye macho yasiyofumba. Wakati huo Alphonse alikuwa na Mtakatifu Yosefu mdogo wa plasta, urithi wa mama yake, aliyevuka naye mpaka akiwa amefungwa ndani ya soksi. Hakubisha. Alimpa rafiki yake Baudouin, mtu wa kwao, amtunze. Baudouin naye alifika Uswidi baadaye, na Yosefu yule yuko juu ya friji yake mpaka leo.

Kwa hiyo Mueni alijua kwamba mumewe ni mtu wa kutimiza ahadi. Lakini chai hakunywa.

Alimweleza Stellah, rafiki yake wa ushirika wa Waswahili, walipokuwa wakichagua ndizi katika duka moja la Rinkeby.

"Nikwambie kitu na usikasirike?" Stellah akauliza.

"Kama ni cha kukasirisha nitakasirika."

"Wangu alianza hivyo hivyo. Kwanza chai. Halafu kitunguu kinamletea kiungulia. Kumbe kuna mahali alikuwa anakila hicho kitunguu kama tufaha."

"Alphonse ni mtu wa kanisa."

"Na kanisani kwao hakuna wanawake?" Stellah akageuza kichane cha ndizi, akakirudisha. "Shati analovaa ni la kazini?"

"Ni la buluu."

"Haya basi," Stellah akasema, kama mtu aliyemaliza kesi.

Juma hilohilo Mueni alichukua koti la Alphonse kulipeleka kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Alipopekua mifuko alikuta vijiti virefu vyembamba, vimezungushiwa pamba nchani. Vingine vilikuwa vyeupe. Viwili vilikuwa vimetumika, pamba yake imegeuka kahawia iliyokaribia weusi.

Alikaa chini pale pale kwenye benchi la kufulia.

Vijiti kama hivyo alivijua kuliko alivyojua vijiko vyake. Mueni alikuwa mlezi katika nyumba ya wazee, na mzee akifika mwisho, akawa hawezi tena kumeza hata maji, wao ndio wanaokaa kando yake wakimlowesha midomo kwa pamba. Hiyo ndiyo kazi yake nusu ya maisha. Alphonse hakufanya kazi ya wagonjwa. Alifanya kazi ya makasha.

Basi kuna mtu. Kuna mtu mahali fulani katika mji huu amelala anakufa, na Alphonse anakwenda kila Jumamosi na shati safi kumlowesha midomo. Tena anakwenda na njaa, kwa heshima yake. Mtu wa namna gani hufanyiwa hivyo? Mueni hakuwa na haja ya kuambiwa. Kufikia jioni alikuwa amekwisha kumpa yule mwanamke kitanda, blanketi la maua, na mtoto wa kiume mwenye masikio ya Alphonse.

Wakiwa mezani akamjaribu. "Baba Nicole, kuna mtu anayeumwa?"

"Nani?"

"Nakuuliza wewe."

"Kwetu? Hapana. Wote wazima." Akachukua ugali. "Wewe unaumwa?"

Binti yao Nicole, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, akamtazama mama, akamtazama baba, akarudi kwenye simu yake. Baadaye Mueni alimfuata chumbani kumwuliza kama baba ana rafiki anayemjua. Nicole akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, "Sluta, mamma," acha, mama. Mueni akatoka akiwa na shaka kwamba mtoto naye anajua.

Na Baudouin? Alipokuja kumtembelea Alphonse waliongea Kifaransa jikoni, na Mueni alipoingia na sahani wakaruka hadi habari za mpira. Mueni hakujua Kifaransa, lakini alijua watu wanavyonyamaza.

Jumamosi iliyofuata alivaa jaketi la Nicole, akavuta kofia yake hadi kwenye nyusi, akamfuata mumewe. Akapanda behewa la nyuma yake. Treni ikapita gizani chini ya miamba, na Mueni akaomba njiani. Alianza kwa kumwomba Mungu amwonyeshe kwamba amekosea. Kufikia katikati ya mji alikuwa akimwomba ampe maneno ya kumwambia yule mwanamke.

Alphonse hakuingia hospitali wala nyumba ya mtu. Aliingia kanisani, kanisa lake la Kikatoliki la mjini, ambalo mkewe alikuwa hajawahi kukanyaga. Mueni akabaki nje, mkono kwenye mlango mzito. Wanakutana hata kanisani, akawaza. Akasukuma.

Ndani kulinuka nta na vumbi la zamani. Alijificha nyuma ya nguzo, akachungulia. Katika kikanisa cha pembeni taa kali ilikuwa imewashwa, na chini ya taa, juu ya meza, alisimama mwanamume wa mti mwenye kimo cha mtoto wa shule. Joho lake la kijani lilikuwa limekwaruzwa maua, na ndani ya mikwaruzo dhahabu ilichungulia. Mkono mmoja alimbeba mtoto mwenye mashavu mekundu kama aliyetoka kuogeshwa sasa hivi. Macho ya yule mwanamume yalikuwa ya kioo, na yalilowa kama ya mtu anayejizuia kulia. Kipaji na shavu la kulia vilikuwa vya nyama kabisa, mpaka mshipa mdogo kando ya jicho ulionekana. Shavu la kushoto lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni.

Mbele ya sanamu alisimama Alphonse, juu ya kigoda. Nyuma yake mzee mmoja wa Kiswidi alikuwa ameketi kwenye kiti, miwani puani. Alphonse akachukua kijiti cha pamba, akakitia mdomoni mwake, akaufumba kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. Akakitoa, akakigusisha shavu la sanamu, akakizungusha polepole. Midomo yake ikawa inacheza. Akakitazama kijiti, kimekuwa cheusi, akakitupa kwenye chupa ya jemu na kuchukua kingine. Akakitia mdomoni.

Mueni akaishika nguzo kwa mikono miwili. Aliwahi kuyaona mate yakitumika. Bibi yake kule Kangundo, siku Mueni anakwenda kuanza shule, alimfungua kifungo cha gauni akamrushia mate mepesi kifuani kumbariki. Baba yake, shemasi, alipopata habari alimshika Mueni mkono, akampeleka bombani na kumsugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikawaka. Hayo ni mambo ya giza, alimwambia. Na sasa mume wake, mtu mzima, katikati ya Stockholm, anampaka mate sanamu huku ananong'ona.

"Alphonse! Umeanza uganga lini?"

Kigoda kikayumba. Alphonse akashika ukingo wa meza ili asianguke, kijiti kikiwa bado mdomoni kama peremende.

"Mama Nicole!"

"Usiniite. Toa hicho kitu mdomoni."

Akakitoa. "Hapana kuogopa. Minaosha tu."

"Kwa mate? Kanisa zima halina maji?"

Yule mzee akasimama, akampa mkono na kujitambulisha kwa Kiswidi. Aliitwa Anton, na kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kutengeneza sanamu za kale. Padri ndiye aliyemwomba amsaidie Yosefu huyu, aliyechongwa kusini mwa Ujerumani karne nyingi nyuma na kuachwa stoo kwa sababu moshi wa mishumaa ulikuwa umemla uso. Maji matupu hayatoshi kuondoa masizi, alieleza, na sabuni ingeng'oa rangi. Mate yana uvuguvugu, yanalegeza uchafu na kuiacha rangi ilivyo. Mafundi wamefanya hivyo tangu zamani.

"Basi tumia ya kwako," Mueni akamwambia.

Anton akainua mdomo wa juu kwa kidole. Pale kwenye ufizi alikuwa amebana kifuko cha ugoro, kama nusu ya wanaume wa nchi hii. "Ugoro na kahawa," akasema. "Mdomo wangu ni sumu kwa mtakatifu. Nilimwuliza Alphonse kama anaweza kukaa asubuhi moja kwa wiki bila kunywa kitu chenye maziwa na sukari. Akasema anaweza."

Mueni akamgeukia mumewe. Chai. Yote ile ilikuwa chai.

Mtu mwingine angefurahi. Mueni alipata nafuu, na juu ya nafuu hiyohiyo hasira ikaja ikakaa. "Na ulikuwa unanong'ona nini?"

"Salamu Maria. Kila pamba na Salamu Maria moja."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ulisema sanamu isiingie nyumbani." Alphonse akashuka kwenye kigoda. "Haijaingia."

"Imeingia mdomoni mwako! Na mdomo huohuo unakuja kunisalimia nao."

Alphonse akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kile kikagonga dari ya kanisa kikarudi. Kisha akamwonyesha uso wa Yosefu kwa kidevu. "Huyu naye aliwahi kumshuku mkewe, Mama Nicole. Akataka kumwacha kwa siri. Soma Matayo. Mutaelewana."

Mueni hakuhitaji kusoma, alikuwa anaijua sura ile kwa moyo. Lakini hakuwahi kuwaza kwamba mtu yule alikuwa na shavu, wala kwamba mshipa ulimcheza kando ya jicho siku zile alipokuwa hapati usingizi. Akamtazama kidogo tu, akatazama pembeni, asije akazoea.

Walifikia makubaliano, kama watu waliooana muda mrefu wanavyoyafikia, bila mmoja kushindwa. Kila Jumamosi Mueni alimfungia chai ndani ya chupa, akainywe kwenye ngazi za kanisa baada ya kazi. Akirudi nyumbani asukutue kwanza. Na Mueni hakuingia tena mle ndani. Stellah alipouliza, akamwambia ni kazi ya kujitolea. "Ya kujitolea nini?" "Kusafisha." Stellah akamtazama kwa macho yaliyosema hajaamini, na Mueni akaona jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akionekana.

Shaka haikuisha. Ilibadilisha mahali pa kukaa. Kufikia vuli shati la buluu lilikuwa likimpwaya Alphonse, na Mueni akawaza: ni yule wa mti. Mtu hakipi kitu mate yake kila wiki bure. Alimwombea mumewe kwenye ushirika bila kutaja sanamu, akafunga kwa siri, yeye aliyekuwa akimcheka kwa kufunga. Macho ya Alphonse yalipogeuka manjano ndipo alipomburuta kwa daktari. Ilikuwa kansa ya kongosho, na ilikuwa imekwenda mbali.

Hata hapo alimshuku daktari, akazishuku na picha za mashine. Kuna siku, Mungu amsamehe, alimshuku Mungu mwenyewe kwamba amemlipiza kisasi kwa ajili ya ile sanamu. Alimwambia Alphonse hivyo. Alphonse alikuwa amelala kwenye kitanda kilicholetwa na manispaa, sebuleni, karibu na dirisha.

"Mungu hana wivu wa mti," akasema. "Mimi niliumwa kabla ya kujua. Achana naye Yosefu, ni mtu mpole."

"Sikumsema yeye."

"Unamsema kila siku. Yeye hajakujibu hata mara moja. Ni mume mzuri."

Baudouin alikuja kila alipotoka kazini, akakaa, akashindwa kuongea hata hicho Kifaransa. Anton alikuja mara moja na maua, akasimama mlangoni bila kujua avue viatu lini. Alisema kazi imesimama. Padri angetaka kumrudisha Yosefu mahali pake kama alivyo.

Alipoondoka, Alphonse akasema, "Amebaki shavu."

"Wapo wa kulimaliza."

"Njo vile."

"Usinitazame hivyo, Baba Nicole. Mimi sigusi."

"Sikuombi."

Na hakuomba. Muda si mrefu hakuweza kumeza tena, na Mueni akaleta vijiti vya pamba. Akavilowesha kwa maji, akampangusa midomo kama alivyowapangusa wazee wengi. Alphonse akakunja uso.

"Unasugua," akasema, sauti kama karatasi. "Zungusha. Usisugue."

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Kidogo kidogo. Kama unabembeleza. Pamba ikichafuka, chukua nyingine. Usirudishe uchafu."

Mueni akazungusha. Kesho yake Alphonse akamsahihisha tena: asianzie katikati, aanzie pembeni. Siku nyingine alimwambia mkono usikae hewani, kidole kidogo kiegemee kidevuni ili usitetemeke. Mueni alimjibu kwamba wagonjwa wake wengine hawana maneno mengi hivi. "Wale hawakuwa watakatifu," Alphonse akasema, na kile kilikuwa kicheko chake cha mwisho, hakikufika hata kwenye ukuta wa jirani.

Alikufa mchana, Nicole ameshika mguu wake, Baudouin akisoma sala za wanaokufa kwa Kiswahili cha Bukavu. Mueni alikuwa na pamba mkononi. Aliendelea kuizungusha muda kidogo baada ya kujua.

Wakamzika kutoka kanisa lile la mjini. Akina mama wa Kikongo waliimba mpaka Waswidi waliokuja kutoka ghalani Jordbro wakatoa leso. Mueni alikaa mbele na kujikaza. Lakini alipoinua macho, alimwona Yosefu, amerudishwa juu ya ukuta wa pembeni, upande mmoja mtu na upande mwingine masizi. Katika misa nzima hakuona kingine. Alitamani mtu amfunike. Ilikuwa kama kumwona Alphonse akitoka na koti limevaliwa mkono mmoja.

Juma moja lilipita, likapita jingine. Jumamosi asubuhi Mueni alichemsha chai, ya tangawizi, maziwa mengi, kwa sufuria ileile ya watu watatu. Nicole akamimina yake. Mueni akamimina ya kwake, akaitazama ikitoa mvuke. Kisha akakisogeza kikombe kando.

"Ska du inte dricka?" Nicole akauliza. Hunywi?

"Nitakunywa nikirudi," Mueni akasema.

Nicole akaweka kikombe chake chini polepole. Akamjibu kwa Kiswahili. "Sawa, mama."

Anton alikuwepo kanisani, kama alivyoahidi kwenye simu. Alikuwa amemshusha Yosefu juu ya meza na kuwasha taa. Kando aliweka chupa ya dawa ya dukani, inayofanya karibu kazi ileile, akaeleza kwa upole kwamba angeweza kumalizia kwa hiyo, kama Mueni amekuja kuaga tu.

"Sijanywa chai," Mueni akamwambia.

Anton hakuuliza zaidi. Akamwekea kigoda.

Mueni akapanda. Alikuwa uso kwa uso na yale macho ya kioo. Hakupiga magoti, hakufanya ishara ya msalaba, na aliongea Kikamba cha kwao Kangundo ili wasielewane vizuri sana. "Sikuabudu," akamwambia. "Hilo ulijue mapema. Nimekuja kwa ajili ya mume wangu."

Akatia pamba mdomoni. Ilikuwa kavu, haina ladha. Ilipolowa akaipeleka kwenye shavu jeusi, pembeni, si katikati. Mkono ukatetemeka. Akaegemeza kidole kidogo kwenye kidevu cha mti, mkono ukatulia. Akazungusha.

"Vizuri sana," Anton akasema nyuma yake, kwa mshangao. "Nani alikufundisha?"

Mueni akasimama na kijiti hewani. Aanzie pembeni. Asisugue. Kidole kidevuni. Pamba ikichafuka, chukua nyingine. Midomo ya mtu anayekufa haihitaji mafunzo yote hayo, na yeye, mlezi wa miaka mingi, yeye aliyeshuku chai na shati na daktari na mbingu, hilo moja hakulishuku hata kidogo.

"Alphonse," akasema kwa sauti, mbele ya Anton na mbele ya yule wa mti. "Alphonse, umenitega."

Machozi yakamjia, akayafuta kwa mkono wa gauni yasije yakadondokea rangi. Akakitazama kijiti. Kilikuwa cheusi kabisa. Chini ya pale alipogusa, padogo kama ukucha, ngozi ilikuwa imeanza kuonekana.

Salamu Maria hakuijua. Akasema Baba Yetu, akachukua pamba nyingine.